Tulivyouza vyombo vya babu kwa mnada wa Uingereza, na vile hesabu ilienda

Kama kuna kitu cha shaba cha zamani kwa store ya familia yenu, iwe mizani, dira, barometa, darubini, chochote, tafadhali usikipige Brasso. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kila mtu hufanya kwanza kabla hata hajauliza kitu chenyewe ni nini. Ile rangi ya kahawia-kahawia unayoona kama uchafu mara nyingi ni vanishi iliyopakwa kiwandani, na watu wanaokusanya hivi vitu wanalipia hiyo vanishi. Ukishaisugua ikang'aa kama kengele ya kanisa umekata bei na hakuna fundi wa kuirudisha. Kwetu mjomba mdogo alikuwa tayari ameanza na kifuniko kimoja mama akamnyang'anya kitambaa, na wakati huo mama hakujua chochote kuhusu mnada, alikuwa tu hataki vitu vya babake viguswe kabla watoto wote wakae chini.

Babu mzaa mama alikuwa mtu wa Kakamega. Dhahabu ilipoonekana huko mwaka wa 1931 wazungu walimiminika, wengine walikuwa wakulima waliofilisika huku Rift Valley wanatafuta pa kutokea, na babu akiwa kijana akapata kazi kwenye ofisi ya kupima dhahabu ya mgodi mmoja. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, kubeba, baadaye kushika mnyororo wa wapima ardhi. Machimbo makubwa yalipofungwa miaka ya 50 bosi wake alimwachia makasha kadhaa, babu akahamia Njoro akaja nayo na yakakaa chini ya kitanda mpaka mazishi yake. Hiyo ndiyo historia yote tuliyokuwa nayo na ilikuwa ya mdomo tu. Kumbe hiyo ya mdomo nayo ina bei, nitafika hapo.

Tulipofungua tulipata mizani ya dhahabu ndani ya kabati la mahogani lenye vioo, jina Oertling London, kisha kisanduku cha mawe ya mizani, barometa ndogo ya wapima ardhi kwa ala ya ngozi imeandikwa Short & Mason, dira ya kijeshi ya 1918, seti ya vifaa vya kuchora ramani, barometa kubwa ya ukutani ambayo babu aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anauza shamba na kurudi kwao, na juu ya hivyo vyote sekstanti ya mjomba mkubwa, kile chombo cha mabaharia cha kupimia pembe ya jua na nyota. Sekstanti haikuwa ya babu. Mjomba aliinunua Mombasa zamani na alikuwa ameapa hiyo ndiyo itatulipia kiwanja.

Wa kwanza kujua kuhusu makasha hawakuwa watu wa mnada. Ni brokers. Sijui habari husafiri vipi hapa Nakuru lakini kabla wiki ya matanga iishe tayari kulikuwa na vijana wawili kutoka Kisumu na mmoja wa hapa Section 58 wanaulizia kama kuna kitu chenye mekyuri nyekundu. Hii hadithi kama hujawahi kuisikia, watu huamini kuna mekyuri nyekundu ya mamilioni imefichwa kwa redio za zamani na cherehani, mwaka wa 2009 Saudi Arabia watu walikuwa wananunua Singer kwa pesa ya wazimu kwa sababu ya uvumi huu. Ni uongo, hiyo kitu haipo. Lakini huyu kijana alitaka avunje barometa ya ukutani aone ndani na mjomba mdogo alikuwa karibu kumruhusu! Barometa ya saa-saa yenye mshale kama hii yetu haina mekyuri hata tone, ina kikopo chembamba cha chuma kilichonyonywa hewa, hewa ya nje ikiwa nzito kinabonyea, ikiwa nyepesi kinafura, na mshale unafuata. Mfaransa Vidi alishaitengeneza miaka ya 1840 huko. Mwenye skrapu naye alikuja na mizani yake ya kupimia kilo, akatoa bei ya shaba kwa uzani. Ukisikia bei ya kilo jua huyo hanunui kitu, ananunua chuma.

Sasa hii barometa ya ukutani ndiyo iliniuma zaidi. Mshale wake ulikuwa umelala kushoto kabisa nje ya namba, na umelala hivyo tangu nikiwa mtoto, tulijua imeharibika. Mama mdogo, kwa nia nzuri kabisa, akaipeleka kwa fundi wa saa mjini ili iende kwa mnada ikiwa nzima. Fundi akasema springi imekufa, akafungua, akakaza skrubu ya nyuma mpaka mwisho, mshale haukurudi, akakata mnyororo mdogo wa ndani ule mwembamba kama unywele akafupisha, akaunganisha na solda, hapo mshale ukasimama katikati vizuri sana na akalipwa. Nilipotuma picha kwa mtu wa kampuni ya mnada, swali lake la kwanza kwa imeli halikuhusu mshale. Aliuliza, mnaishi urefu gani kutoka usawa wa bahari?

Nakuru tuko kama mita 1,850. Hewa ya huku kwa kawaida inasukuma karibu inchi 24 za mekyuri, hicho ni kipimo tu cha msukumo wa hewa, si kwamba kuna mekyuri ndani. Barometa ya nyumba ya kule Uingereza imeandikwa kuanzia 28 hadi 31 basi, kwa sababu mwenye kuitengeneza alikuwa anafikiria nyumba iliyo karibu na bahari. Kwa hivyo mshale kulala nje ya namba ndio ulikuwa ukweli wake! Ilikuwa inafanya kazi miaka yote hiyo, inatuambia tuko mlimani, na sisi tunaiita mbovu. Hata Kisumu, mita 1,100 na kitu, bado ingeonyesha kama 26, nje ya namba pia. Ungeibeba tu mpaka Mombasa ingesimama yenyewe. Ile solda ilimaliza maneno, yule mtu akasema kwa upole kwamba sasa ni pambo la ukuta, usafiri wake utazidi bei yake. Iko kwa mama mdogo sebuleni na hatujamwambia kwa ukali maana fundi angesema hivyo kwa mtu yeyote. Lakini nyinyi wa Eldoret, Timboroa, Nyahururu huko, mkiona barometa imelala kushoto msiipeleke kwa fundi.

Barometa ndogo ya Short & Mason ilikuwa tofauti kwa sababu ilitengenezewa watu wa milima. Ni ya kuingia kwenye kiganja, ina duara mbili za namba, ya ndani ni inchi na ya nje ni futi za urefu mpaka 10,000, na juu ya kioo kuna lenzi kadogo unazungusha kusoma vimistari. Kwenye uso imeandikwa Compensated, nilidhani ni mambo ya kulipwa fidia, ni kwamba imetengenezwa ili joto na baridi visiidanganye. Nilipoiweka mezani Nakuru ikasoma futi 6,000 na kidogo. Nikashtuka, nusu karne na zaidi chini ya kitanda!

Hapo ndipo nilipata wazo ambalo naona lilituletea pesa kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa naenda Kisumu kwa mjomba mdogo, nikaishika mapajani kwa matatu, simu mkono mwingine. Ukitoka Nakuru mshale unaanza kutambaa polepole, Molo huko unaendelea, Mau Summit ukapita 8,000, abiria wa pembeni akawa ananiuliza dada hiyo ni bomu ama, kisha Kericho kushuka, Ahero, na tukiingia Kisumu imerudi chini ya 4,000. Nikaunganisha vipande vya video nikatuma. Mtu wa mnada akaniambia wauzaji wengi huandika tu haijajaribiwa, na mnunuzi akisoma hivyo anakadiria kama imekufa. Yetu ikaandikwa kwa katalogi kwamba inafanya kazi. Kama uko na kitu kinachosonga, kirekodi kikisonga.

Sekstanti nayo. Imeandikwa Kelvin & Hughes London 1917 kwa herufi kubwa nzuri, kwa sanduku la mbao lenye kibati cha shaba. Shida ni kwamba Kelvin na Hughes zilikuwa kampuni mbili tofauti na ziliungana miaka ya 40, kwa hivyo 1917 hilo jina halikuwepo. Hizi zinatengenezwa India kwa wingi kama mapambo, na zile darubini za Titanic, na zile dira za Stanley London zenye shairi kwa kifuniko, zote ni jamii moja. Ukiwa nayo mkononi angalia vimistari vya kipimo: chombo cha kweli vimekatwa vyembamba sana na sawasawa, cha mapambo ni vinene na vingine vimepinda, tena cha kweli huwa na serial namba yake na aghalabu cheti cha ukaguzi kimebandikwa ndani ya kifuniko. Kumwambia mjomba mkubwa ilikuwa kazi. Nilimwonyesha kwa simu nyingine kama yake, sanduku lile lile, 1917 ile ile, zinauzwa onlaini kwa rundo. Akanyamaza, akasema, "Mama, hata hao wanaweza kuwa wameiga yangu." Tukaiacha hapo.

Seti ya kuchora ramani ilikuwa na rula mbili nyeupe na hapa nawaomba msome polepole. Rula za zamani za hivyo mara nyingi ni pembe ya ndovu. Kenya hatuchezi na hiyo, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 hata kukaa nayo tu bila kibali ni kesi, na Uingereza nao wana sheria yao ya 2018 iliyoanza kufanya kazi 2022. Ukiiweka kwa kasha la kuria, yaani kampuni ya kusafirisha vifurushi, bila kujua, utaitwa mlanguzi na maelezo yako ya babu hayatasikizwa. Tulipigia KWS, shirika la wanyamapori, simu, tukazisalimisha, wakatuandikia karatasi. Bikari na kalamu zilizobaki hazikuwa na bei ya maana, ziko na mtoto wa binamu yangu anasomea usoroveya.

Kabla ya kutuma chochote kuna maswali mawili kampuni ya mnada iliuliza na hata kama haingeuliza ungepaswa kuwa na majibu. La kwanza, ni vya nani. Aliyefariki ni babu, watoto wake wako wanne, kwa hivyo wote wanne wakaketi, wakaandika makubaliano, na mama akaapa hati ya kiapo kwa wakili kwamba anauza kwa niaba yao. La pili, vinaruhusiwa kutoka nchini? Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kuwa ya kale kitu kilichotengenezwa hapa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na hicho huwezi kukitoa bila kibali. Reli yenyewe ilifika Kisumu 1901, vitu vya Kakamega ni vya miaka ya 30, kwa hivyo tulikuwa upande salama, ila niliuliza makumbusho ya Hyrax Hill hapa Nakuru kwanza, wakanielekeza ofisi ya Nairobi, nikapata jibu kwa maandishi. Hilo jibu nililiprinti nikaliweka juu kabisa ndani ya katoni. Kama chenu kilikuja na wamishonari wa mwanzo ama msafara wa zamani, hiyo ni hadithi nyingine, anzeni makumbusho.

Tuje kwa pesa sasa. Watu wa kuria hawaangalii kilo tu, wanapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5,000, na kama jibu limezidi kilo halisi unalipia jibu. Mizani ya Oertling ikishafungwa ingehitaji kreti ya 70 kwa 50 kwa 70. Piga: 245,000, gawa, unapata kilo 49, na mizani yenyewe haifiki nusu ya hapo. Juu yake ni vioo, na bima za kuria nyingi zina mstari mdogo unaosema vioo na vitu vya kale havilipwi. Halafu ile mizani moyo wake ni visu vidogo vya jiwe la akiki ambavyo mtambo wa juu unakalia, ikitingishwa bila kufungwa hivyo visu vinameguka na hapo imekuwa kabati. Kadirio lao lilikuwa pauni 150 hadi 250. Usafiri ungekula yote na kuacha deni. Kwa hivyo mizani ikabaki, mjomba mdogo akalalamika kwamba tunaacha dhahabu tunapeleka vikorokoro, lakini hesabu ni hesabu.

Tukapeleka vitatu: barometa ndogo, dira, na kisanduku cha mawe. Dira ina kialama cha mshale mpana cha serikali ya Uingereza na rangi iliyokuwa inang'aa gizani, hiyo rangi ni radiamu. Imeacha kung'aa lakini miale haijaisha, radiamu inachukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hivyo usifungue kioo, usikwangue, na waambie kampuni na kuria mapema, wengine hawapokei. Kisanduku cha mawe kilinifurahisha kuliko vyote. Mawe makubwa yamekaa kwa mashimo ya velveti, halafu chini ya kijikioo kuna vipande vya bati vyembamba vya miligramu, kila kimoja kimekunjwa kona moja ili koleo ndogo ipate pa kushika, kwa sababu ukikishika kwa kidole jasho lako tu linabadilisha uzito. Vyote vilikuwepo. Mama anasema babu hakuruhusu mtoto hata apumue karibu na hicho kisanduku, na hapo unaelewa kwa nini, kimoja kikipotea seti yote inaanguka bei.

Nilisema hadithi ya mdomo ina bei. Kampuni ilitaka tuandike ukurasa mmoja: babu ni nani, alifanya kazi wapi, vitu vilimfikiaje. Mama mdogo akakumbuka picha moja, babu amesimama na wenzake nje ya jengo la bati, kando yake kuna kasha la miguu mitatu. Tukaiskani, nyuma ilikuwa imeandikwa Kakamega kwa wino. Tulituma nakala, picha yenyewe tulibaki nayo, na hili nawasisitizia, asilia usitoe. Msiongeze chumvi pia. Mjomba mkubwa alitaka tuandike dira ilipiga vita dhidi ya Wajerumani Taveta. Haiwezekani, dira ni ya 1918 na Wajerumani walishafukuzwa Taveta 1916, tena hatuna hata karatasi moja, kwa hivyo hatukuandika.

Siku ya mnada tuliangalia kwa laptop kwa mama, intaneti inakatika-katika, wote wamevaa kama wanaenda harusi. Loti moja, yaani kitu kimoja kinachopigwa mnada, inachukua kama dakika moja tu. Barometa iligonga pauni 190, dira 110, mawe 100. Chumba kikashangilia, mia nne! Halafu makato. Kampuni hii inachukua asilimia 15 kwa muuzaji na kodi juu ya hiyo, bima asilimia moja na nusu, picha pauni 5 kwa kila loti, jumla ikawa 93. Na ujue mnunuzi naye analipa asilimia yake juu ya bei iliyogonga, kwa hivyo akilini mwake ameshajikata kabla ya kuinua mkono, pesa yote hiyo inatoka kwa kile kitu chako kimoja. Tukabaki na 307. Haziingii siku hiyo, wanangoja mnunuzi alipe kwanza, kwetu ilikuwa mwezi na ushee, na mjomba mdogo alikuwa anapiga simu kila Jumatatu akiwa na hakika nimekula.

Kwa shilingi ilikuwa kama elfu hamsini. Toa kuria elfu kumi na nne na kitu, wakili, makatoni na sponji, nauli za Nairobi, ada ya benki ya kupokea pesa za nje ambayo hakuna aliyetuambia, kila mtoto wa babu alipata shilingi elfu saba na kitu. Mama alinunua dirisha la jikoni. Nilikasirika kidogo, siwezi kuwadanganya, kwa vile nilivyokimbia. Lakini ukilinganisha na mwenye skrapu, yeye kwa vile vitatu alikuwa ametoa mia tisa, na mia tisa hiyo alisema ni kwa sababu anaheshimu marehemu.

Kama vyenu ni vidogo, vizima, vina jina na sanduku lake, mnada wa nje unaweza kufaa. Tuma picha kwa kampuni mbili tatu zenye mauzo ya vyombo vya sayansi, kukadiria kwa picha huwa ni bure, na yeyote anayekuomba umtumie ada ya kukadiria kwa M-Pesa, block. Uliza makato yote kwa maandishi, uliza pia ikikosa mnunuzi nani analipa kuirudisha, maana kuirudisha Kenya ni kuria ile ile tena na forodha juu yake. Weka bei ya chini ambayo wasiuze chini yake, lakini isiwe ya tamaa, loti isiyouzwa mara ya kwanza huonekana imechoka mara ya pili.

Mizani ya Oertling bado tunaiuza, iko Njoro, visu vizima na vioo vyote vipo isipokuwa ufa mdogo wa upande wa kulia. Anayeitaka aje aione mwenyewe, chai ipo, ila kuibeba ni juu yake.